Mdogo Wangu, Usihangaikie Kupendwa

Wadogo zangu mliokabidhiwa usimamizi juzijuzi, hapa Busia na kule Tororo, swali lenu nalijua: wafanyakazi wanipende, au waniheshimu? Mimi nasema tafuta heshima kwanza, na hapa mpakani mwa Kenya na Uganda nina sababu.

Wasamia wako pande zote mbili, Wateso vilevile. Kwa hiyo hata ofisi ndogo ya mawakala wa forodha haikosi shemeji yako, au mtu anayesali na mama yako. Ukitaka kupendwa utaanza na huyo. Leo umemwachia achelewe, kesho umempa zamu nzuri, na karani wa ng'ambo anakutazama tu. Hatagombana nawe. Ataacha kukuambia mambo, na hasara itaingilia hapo.

Tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kizinduliwe rasmi Februari 2018, lori husimama mara moja tu, upande linakoingia. Kasi hiyo ni nzuri karatasi zikiwa sawa. Karani aliyekosea hati, naye anakuogopa au amekukatia tamaa, atanyamaza mpaka lori likwame na mwenye mzigo aanze kukupigia simu usiku. Anayekuheshimu atakuambia asubuhi, kungali na nafasi ya kurekebisha.

Sasa msije mkadhani heshima ni kufoka. Kumgombeza mtu mbele ya madereva kunamfunza kuficha, basi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, na ya Uganda ya 2006, zote zinataka anayetuhumiwa kwa utovu wa nidhamu asikilizwe kabla ya kufukuzwa, tena akiwa na mwenzake kando. Wewe msikilize hata kwa kosa dogo lisilofika huko. Na mshahara ulipe siku uliyoahidi! Mkikubaliana shilingi za Kenya, usije ukalipa za Uganda kwa kiwango ulichojipangia mwenyewe.

Kupendwa si kubaya. Nenda matangani, changia harusi, uliza hali ya mtoto aliyelazwa. Ila usinunue mapenzi hayo kwa jasho la wengine.

Kesho anza na shemeji. Mwite faragha, umwambie saa yake ya kuingia ni ileile ya wenzake. Atanuna. Mwache anune, na Jumapili pita kwake umsalimie kama kawaida.