Vijiti vya Mihogo Tunavyopeana

Katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, muhogo ndio akiba ya nyumba. Mahindi yakikauka kwa kukosa mvua, jambo ambalo Wazigua wanalijua tangu zama za mababu, mama huenda shambani akang'oa shina moja, na jioni watoto hula. Lakini hutokea akang'oa shina lenye majani mabichi ya kupendeza, akapasua muhogo, akakuta ndani mabaka ya kahawia, makavu kama gome la mti. Wengine husema ardhi imechoka. Wengine, na hili ni baya zaidi, humtazama jirani kwa jicho la shaka. Yafaa basi tujue ugonjwa huu hupitia wapi, tusije tukamsingizia mtu asiye na kosa.

Mihogo yetu ina magonjwa makubwa mawili yaletwayo na virusi, navyo ni vidogo hata jicho haliwezi kuviona. La kwanza ni batobato: majani hukunjamana, huwa na madoa ya manjano, na shina hudumaa. La pili ni michirizi ya kahawia, ambayo huozesha muhogo wenyewe chini ya ardhi. Yote mawili yaliandikwa kwa mara ya kwanza katika milima hii hii ya Usambara. Mjerumani Otto Warburg alieleza batobato mwaka 1894, na H. H. Storey, mtaalamu wa kituo cha Amani, akaeleza michirizi ya kahawia mwaka 1936.

Mchukuzi wake ni nzi mweupe, mdudu wa kiasi cha milimita moja tu. Tikisa kilele cha muhogo asubuhi utawaona wakiruka kama vumbi la unga. Hukaa chini ya majani machanga, hutoboa kwa mdomo mfano wa sindano na kunywa utomvu. Akinywa kwa saa kadhaa katika shina lenye batobato, hubaki na virusi siku zote za maisha yake, na kila aendako hupanda ugonjwa. Virusi vya michirizi ya kahawia ni kinyume: havikai ndani ya nzi zaidi ya siku moja au mbili, kwa hiyo yeye huvipeleka matuta machache tu, au shamba la pili.

Ni nani basi auvushaye ugonjwa huo mto Pangani, kutoka Mashewa hadi Sindeni? Ni sisi wenyewe. Muhogo haupandwi kwa punje, bali kwa kijiti, na kijiti kilichokatwa katika shina gonjwa tayari kina ugonjwa ndani yake. Binti akiolewa mbali, mama yake humfungia mzigo wa vijiti. Mgeni akisifu kisamvu, huondoka na vijiti kwenye baiskeli. Ni desturi njema, nami sitamwambia mtu aiache. Hata hivyo, mwenye kutoa na achunguze kwanza atoacho. Kutazama majani ya juu hakutoshi, kwani dalili za michirizi huonekana zaidi katika majani ya chini yaliyokomaa, na pengine hazionekani kabisa. Wakati wa kuvuna apasue mihogo ya shina lile lile, na akiona baka moja tu, asikate mbegu hapo. Tena ajihadhari na aina zinazostahimili, kama Kiroba: huweza kubeba virusi na bado kuzaa vizuri, hata mwenyewe asishuku lolote.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalifikiri, nalo ni mti wa mpira wa Ceara. Wajerumani waliupanda kwa wingi katika nchi ya Tanga, na bei ya mpira ilipoanguka mwaka 1913 mashamba yakaachwa. Leo mti huo huota wenyewe, au husimama mpakani kama ua na kivuli. Ni ndugu wa muhogo kwa ukoo, na watafiti wamekuta ndani yake virusi vya michirizi. Mkulima aweza kung'oa mihogo yake yote, na mti ule ukabaki kuwa ghala la ugonjwa. Lakini tusiuchukie bila kiasi: wataalamu wa Amani waliuchanganya na muhogo ili kupata mbegu shupavu, na aina ya Namikonga, ambayo hustahimili michirizi hata leo, imetoka katika kazi hiyo. Mahindi nayo yana mfano wake. Virusi vya ugonjwa wa milia huishi katika nyasi za kandokando, na mdudu mdogo arukaye huvichukua na kuviingiza shambani.

Muhogo wenye ugonjwa haumdhuru mlaji. Katwa mabaka, pikwa, liwa. Lakini shina lenye dalili ling'olewe mapema, likiwa bado changa, likaushwe na kuchomwa, na shamba jipya lisipandwe ubavuni mwa lile la zamani lililougua. Mwenye uwezo anunue mbegu kwa wakulima ambao mashamba yao yamekaguliwa na TOSCI.

Anayeng'oa peke yake hupata faida ndogo, maana nzi haujui mpaka. Huko Mkuranga na Chato, katika miaka iliyofuata 2013, wanakijiji walikubaliana kuondoa mihogo yote ya zamani, wakapanda mbegu safi pamoja, wakawa wakikagua na kung'oa kila shina lililougua. Jumuiya zetu za Handeni na Korogwe zaweza kuzungumza jambo hili, wakiwamo wasio wa dini yetu, kwa kuwa mashamba yamepakana. Wazungumze kabla ya mvua za vuli, kwani zikianza kila mtu hushika jembe lake, na vijiti vilivyo karibu ndivyo vipandwavyo.