Kioo cha Mbele Kimepasuka: Chagua Vizuri, Kisha Msimamie Fundi

Jiwe limeruka kutoka tairi la lori, kioo kimelia, na sasa kuna doa mbele yako. Simama mahali salama. Futa doa kwa kitambaa kikavu, kisha libandike selotepu angavu. Vumbi na maji vikiingia ndani ya ufa, kuuziba kunakuwa kazi ngumu, na mara nyingi hakuwezekani tena.

Kuanzia hapo lihurumie gari. Egesha kivulini. Usikimwagie maji baridi kioo kilichopigwa na jua la saa nane, wala usikielekezee AC ya baridi kali. Joto na baridi vikikutana ghafla kwenye kioo chenye ufa, ufa unakimbia. Matuta nayo yapande taratibu, maana bodi ikijipinda, kioo kinajipinda nayo.

Sasa amua: kuziba au kubadilisha? Doa lisilozidi ukubwa wa sarafu, lililo mbali na ukingo na lisilokaa mbele ya macho ya dereva, linazibika. Fundi anaingiza rezini ndani ya doa na kuikausha kwa taa maalumu. Kivuli kidogo kitabaki, usimgombeze kwa hilo. Kazi ya rezini ni kuusimamisha ufa, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na kioo kizima.

Ufa uliogusa ukingo, badilisha. Ufa mrefu kuliko kiganja chako, badilisha. Ulio mbele ya macho ya dereva, badilisha hata ukiwa mdogo: usiku taa za gari linalokuja zitatawanyika hapo na hutamwona mtu anayevuka. Kisha pitisha ukucha upande wa ndani. Kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyogandishwa na plastiki nyembamba katikati. Ukucha ukikwama kwa ndani, vyote viwili vimekatika, na hapo hakuna cha kuziba.

Kabla ya kununua chochote, piga simu bima. Kama una bima kubwa, soma kipengele cha kioo: kuna kiwango cha juu wanacholipa, na huenda kuna sehemu unayochangia mwenyewe. Uliza pia kama dai la kioo litakupunguzia nafuu unayopewa kwa kutodai. Piga picha za ufa na za gari zima kabla halijaguswa. Ukibadilisha kwanza na kudai baadaye, unawapa sababu ya kukukatalia. Thadi pati pekee haitakulipia kioo chako.

Ukienda dukani, usitaje jina la gari na mwaka tu. Nenda na namba ya chasisi na msimbo wa modeli, vyote viko kwenye kadi ya gari na kwenye kibati cha gari lenyewe. Toyota mbili za jina moja zinaweza kuwa na vioo viwili tofauti. Ukipata namba ya kipuri, ni bora zaidi; namba za vioo vingi vya mbele vya Toyota huanza na 56101. Piga na picha mbili: moja ya maandishi madogo kwenye kona ya kioo chako, nyingine ya kila kilichobandikwa nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma. Picha hizo mbili zitakuepusha kwenda na kurudi kwenye maduka ya vipuri ya Kariakoo au Kirinyaga Road.

Utapewa machaguo matatu. Orijino, chenye nembo ya kampuni ya gari. Kopi, yaani kilichotengenezwa kwa vipimo vya gari lako lakini bila nembo. Na cha mtumba, kilichong'olewa kwenye gari lililochinjwa.

Cha mtumba kiache, isipokuwa gari lako ni adimu na hakuna kingine. Kukitoa kioo kizima bila kukijeruhi ukingo ni kazi ngumu, na jeraha dogo la ukingoni linaweza kugeuka ufa mpya siku ya kwanza utakapopita barabara mbovu. Ukilazimika, kizungushie kidole ukingo mzima, taratibu, ukiwa umevaa glovu nene. Ukihisi kimemeguka popote, kirudishe.

Kati ya orijino na kopi, magari mengi yetu yanaishi vizuri kabisa na kopi nzuri. IST, Vitz, Probox, Noah ya zamani: usijinyime ada ya shule ya mtoto kwa ajili ya nembo. Kampuni zinazovitengenezea viwanda vya magari vioo vya kwanza, kama AGC na NSG za Japani, Saint-Gobain Sekurit ya Ufaransa na Fuyao ya China, ndizo pia zinazouza vioo visivyo na nembo ya gari. Kwa hiyo muuzaji akikuambia tu "hiki cha China", bado hajakuambia kitu. Soma maandishi.

Maandishi yenyewe yako kwenye kona ya chini. Tafuta herufi E ndani ya duara, pamoja na 43R. Hiyo 43 ni namba ya kanuni ya Umoja wa Mataifa ya vioo vya magari, na tarakimu iliyo pembeni ya E inataja nchi iliyotoa kibali: 1 Ujerumani, 2 Ufaransa, 11 Uingereza. Kwa mtindo wa Marekani utaona DOT yenye namba ya kiwanda, pamoja na AS1, alama ya kioo kinachoruhusiwa mbele ya dereva, kinachopitisha angalau asilimia 70 ya mwanga. Tafuta pia neno LAMINATED au alama ya Kirumi II. Ukiona TEMPERED, hicho ni kioo cha aina ya mlangoni. Kikigongwa kinapukutika chote mara moja. Kisicho na alama hata moja usikinunue kwa bei yoyote.

Kisha kijaribu kwa macho. Omba kisimamishwe wima, simama hatua chache nyuma yake, na utazame kupitia hicho kioo kitu kilichonyooka: nguzo ya umeme, fremu ya mlango, mstari wa matofali. Sogeza kichwa polepole kushoto na kulia. Mstari ukicheza kama uko chini ya maji, kikatae. Pembeni kabisa kucheza kidogo huvumilika. Katikati na upande wa dereva, hapana. Kioo cha hivyo kitakuumiza kichwa kila safari ndefu, na hakuna fundi wa kukirekebisha.

Yapo magari ambayo mimi nakushauri uyanunulie orijino bila kubishana na bei. La kwanza ni lenye kamera nyuma ya kioo. Subaru zenye EyeSight zina kamera mbili zinazotazama barabara kupitia kioo, na Toyota zilizotengenezwa kuanzia 2015 huenda zina Toyota Safety Sense. Kamera hizo ndizo zinazosaidia kufunga breki na kusoma mistari ya barabara. Kioo chenye mawimbi madogo mbele yake kinaipa kamera picha ya uongo. Na hata ukiweka orijino, kamera lazima ipangwe upya kwa kifaa cha kompyuta. Muulize fundi kabla ya kazi: nani ataipanga, wapi, kwa shilingi ngapi? Akikujibu "itajipanga yenyewe" bila kuangalia maelekezo ya gari lako, tafuta mwingine.

La pili ni gari linaloonyesha spidi juu ya kioo chenyewe. Kioo chake kina plastiki ya kati iliyotengenezwa kwa mteremko maalumu. Ukiweka cha kawaida utaona namba mbilimbili.

Kwa upande mwingine, kuna gharama unayoweza kuikwepa. Magari ya Japani yaliyouzwa maeneo ya baridi huja na nyaya nyembamba chini ya kioo za kuyeyusha barafu kwenye waipa. Kwa Dar es Salaam au Mwanza hazina kazi. Kama kuna kioo kisicho nazo na kinakaa sawa, kichukue, na fundi aifunge vizuri ile plagi inayobaki. Sensa ya mvua ni kitu kingine: kama gari lako linayo, kioo kipya lazima kiwe na dirisha lake.

Sasa fundi. Hapa ndipo nataka uwe mkali, kwa sababu kopi iliyogandishwa vizuri inakulinda kuliko orijino iliyobandikwa ovyo. Kioo cha mbele kinasaidia kushikilia paa gari likipinduka. Kwenye magari mengi, eabegi ya abiria ikilipuka inaegemea kioo ili imwelekee mtu. Kioo kikiachia, eabegi inaelekea nje na abiria anabaki bila kinga. Kinachokizuia kisiachie ni gundi.

Gundi iwe poliyurethini ya vioo vya magari. Silikoni ya mabafu na madirisha hapana, hata fundi akiapa kwamba anaitumia kila siku. Omba kopo, soma tarehe ya kuisha muda, fanya hivyo hivyo kwa praima, dawa inayopakwa kabla ya gundi. Gundi iliyokwisha muda inaweza isishike sawasawa hata ukiisubiri wiki nzima.

Mwangalie anavyokitoa cha zamani. Anatakiwa kufunika deshibodi na boneti, kisha kukata gundi kwa waya au kisu chake maalumu. Akianza kuking'oa kwa bisibisi, msimamishe. Kila mkwaruzo kwenye fremu ni mlango wa kutu, na ukiwa Tanga, Mombasa au popote penye upepo wa chumvi, kutu haichelewi. Mikwaruzo yote ipakwe praima na ikauke kabla ya gundi. Ukikuta kutu ya zamani, isuguliwe mpaka bati safi lionekane. Kazi itachelewa. Subiri.

Gundi ya zamani haipaswi kubanduliwa yote. Ikiwa ilikuwa ya poliyurethini na imeshika vizuri, inapunguzwa ibaki milimita 1 au 2 iliyo sawasawa, na gundi mpya inashikana nayo. Kama fundi wa kwanza alitumia silikoni, hiyo ndiyo itolewe yote.

Kabla ya kupaka, kioo kipya kiwekwe kikavu kwenye nafasi yake. Nafasi iwe sawa pande zote, pembe zikae bila kulazimishwa. Ukisubiri mpaka gundi ipakwe ndipo ugundue kimezidi, dukani hawatakipokea. Ukingo usafishwe kwa dawa ya vioo au spiriti, si petroli, maana inaacha mafuta. Na mikono iwe na glovu safi.

Gundi ipakwe mstari mmoja usiokatika, wenye umbo la pembetatu, kuzunguka kote. Kopo la akiba liwe karibu ili isiishe katikati. Ikishapakwa, kioo kiwekwe ndani ya dakika chache kabla ngozi haijajifunga juu yake. Usikubali kazi hii ifanyike mvua ikinyesha au kando ya barabara yenye vumbi. Kama fundi wako yuko chini ya mwembe, mlipe aje uani kwako au mtafute gereji yenye paa.

Kama una Land Cruiser ya familia ya 70, kioo chako kinashikwa na mpira, na huvutwa mahali pake kwa kamba. Kwako wewe pesa ya ziada iende kwenye mpira mpya. Mpira mkongwe uliokauka utavujisha hata ukiweka kioo cha dhahabu.

Usiondoke mara tu fundi anaponawa mikono. Muda wa kusubiri umeandikwa kwenye kopo au karatasi yake: gundi nyingine saa 1, nyingine saa kadhaa, nyingine mpaka kesho. Gundi hizi hukaushwa na unyevu wa hewa, kwa hiyo za Dar hukaza haraka kuliko za Dodoma wakati wa kiangazi. Ukiwa sehemu kavu, ongeza muda.

Siku ya kwanza acha dirisha moja wazi kidogo, maana mlango ukibamizwa gari likiwa limefungwa lote, hewa inakisukuma kioo kwa nje. Tepu alizobandika fundi ziache mpaka kesho yake. Kuosha kwa presha kusubiri siku 2. Na nunua mpira mpya wa waipa. Ule wa zamani umebeba mchanga na utakichora kioo kipya kabla hujamaliza kukifurahia.

Kabla ya kulipa fedha iliyobaki, dai risiti yenye aina ya kioo, aina ya gundi na muda wa dhamana. Gundi ikishakaza, mwagia maji ya kawaida juu ya paa huku mtu akikaa ndani na tochi, akifuatisha kona za juu na nyuma ya deshibodi. Endesha pia barabara kuu na usikilize mluzi wa upepo. Baada ya mvua ya kwanza pitisha mkono chini ya zulia, upande wa dereva na wa abiria. Ukikuta unyevu, rudi na risiti siku hiyo hiyo. Na usikubali fundi apake silikoni kwa nje: mwambie atafute tundu lilipo, na ikibidi, akitoe kioo na kuanza upya.