Somo kwa Vyama Wanachama: Ruzuku ya Mji na Uhai wa Chama

Madhumuni ya somo

Mara kwa mara hufika katika ofisi za vyama vya msingi habari za fedha zitolewazo na halmashauri, na serikali, au na wafadhili. Habari hizo hupokelewa kwa furaha, na mara nyingi swali la kwanza kuulizwa mkutanoni ni hili: tutapata kiasi gani? Somo hili lakusudia kuonyesha kwamba swali hilo si la kwanza bali la mwisho. Ruzuku ni mkataba. Chama kisichojua masharti ya mkataba huo, na kisicho na fedha zake chenyewe za kuanzia, chaweza kudhoofishwa na msaada uleule kilioutafuta.

Mfano umechukuliwa kutoka Marekani, kwa sababu huko miji imetoa ruzuku kwa vyama vya huduma za jamii kwa miaka mingi, na mazuri na mabaya ya utaratibu huo yameonekana wazi. Vyama hivyo si vya ushirika. Ni vyama visivyogawana faida, vinavyotunza wazee, watoto, walemavu na wasio na makazi. Hata hivyo, katibu wa chama cha ushirika atayatambua matatizo yao mara moja.

1. Fedha hutoka wapi

Miji ya Marekani hutoa ruzuku kutokana na kodi zake, na pia kutokana na fedha za serikali kuu. Chimbuko mojawapo kubwa ni Sheria ya Nyumba na Maendeleo ya Jamii, iliyotiwa saini na Rais Gerald Ford mwezi Agosti 1974. Kabla ya sheria hiyo, mji uliotaka fedha za kuboresha mitaa yake ulipaswa kuomba katika mipango mbalimbali, kila mmoja na fomu zake na maafisa wake. Sheria ya 1974 iliunganisha mipango kadhaa kuwa ruzuku moja ya jumla. Mji mkubwa, kwa kawaida wenye wakazi 50,000 au zaidi, hupewa fungu lake kila mwaka kwa kanuni ya hesabu inayozingatia mambo kama idadi ya watu, umaskini na hali ya nyumba. Halafu mji wenyewe huamua fedha zitumike wapi, mradi usivunje masharti ya sheria.

Masharti makubwa ni haya. Kwanza, angalau asilimia 70 ya fedha zote lazima iwafae watu wenye kipato cha chini na cha wastani. Pili, kwa kawaida fedha zinazotumika kwa huduma za jamii, kama kutunza watoto au kuwapelekea wazee chakula, hazipaswi kuzidi asilimia 15. Zinazobaki huelekezwa kwenye nyumba, barabara, maji na ujenzi. Tatu, mji hauruhusiwi kuitumia ruzuku kuziba pengo la huduma ambayo ulikuwa ukiilipia kwa fedha zake katika miezi 12 iliyotangulia. Huduma lazima iwe mpya, au iongezwe kwa kiasi kinachopimika. Nne, wananchi lazima washirikishwe: mpango hutangazwa, maoni hupokelewa kwa muda usiopungua siku 30, na mikutano ya hadhara hufanywa.

Kutokana na sharti la pili, msomaji ataona kwamba vyama vya huduma hugombea sehemu ndogo tu ya fedha zote. Fungu lenyewe nalo halina uhakika. Mwaka 2017 serikali ya Marekani ilipendekeza kuifuta kabisa ruzuku hiyo. Bunge lilikataa, lakini vyama vilivyoitegemea vilikaa mwaka mzima katika wasiwasi.

2. Mkataba na masharti yake

Chama kikichaguliwa hakipewi fedha papo hapo. Lazima kwanza mkataba wa maandishi utiwe saini kati yake na mji. Mkataba hueleza kazi itakayofanywa, ratiba, makisio ya matumizi, kumbukumbu zitakazotunzwa, taarifa zitakazopelekwa, na hali zitakazoufanya mji usimamishe malipo au uvunje mkataba. Mali iliyopatikana kwa fedha za ruzuku nayo ina masharti: chama hakiwezi kuiuza au kubadili matumizi yake kipendavyo.

Aidha, chama hutakiwa kuthibitisha kwamba wanaohudumiwa ndio waliokusudiwa. Chama kinachopokea watoto, kwa mfano, hutakiwa kuwa na kumbukumbu za kipato cha familia zao. Pasipo kumbukumbu hizo, kazi yaweza kuwa imefanywa kwa uaminifu mkubwa, lakini mbele ya mkaguzi ikahesabiwa kuwa haikufanyika, na fedha zikadaiwa zirudishwe.

3. Fedha huja baada ya kazi

Hili ndilo jambo ambalo vyama vingi vidogo huligundua kwa kuchelewa. Aghalabu ruzuku ya mji hulipwa kwa njia ya kurudishiwa. Chama hutangulia kulipa mishahara, pango na vifaa, kisha hupeleka hati za malipo, na baadaye mji hurudisha fedha zilizotumika.

Mfano ufuatao ni wa kufundishia. Chama kimekubaliwa ruzuku ya shilingi 24,000,000 kwa mwaka. Matumizi ya kazi ni shilingi 2,000,000 kila mwezi. Madai hupelekwa kila baada ya miezi 3, na malipo hufika miezi 2 baadaye. Basi mwisho wa mwezi wa tano chama kimekwisha kutumia shilingi 10,000,000, na ndipo kinapopokea malipo ya kwanza ya shilingi 6,000,000. Yanabaki madai ya shilingi 4,000,000. Miezi 3 mingine ikipita, madai yamerudi kuwa shilingi 10,000,000, na ndipo malipo ya pili yanapofika. Kwa hiyo chama hiki, kilichoandikwa kuwa kimepewa milioni 24, chahitaji kuwa na milioni 10 zake ili kiweze kuzipokea. Kisipokuwa nazo, kitakopa kwa riba, na kwa kawaida riba hiyo haiwezi kudaiwa katika ruzuku.

Ugumu wa pili ni kwamba malipo huenda yasitoshe gharama zote. Ripoti iliyotolewa mwaka 2016 na Human Services Council ya New York, ambayo ni umoja wa vyama vya huduma vya huko, ilieleza kwamba mikataba ya serikali hulipa takriban senti 80, au pungufu, kwa kila dola moja ya gharama halisi. Senti 20 zinazobaki ni za mambo yasiyoonekana upesi: mhasibu, ukaguzi, matengenezo, umeme wa ofisi. Chama kinachotia saini mikataba mingi ya namna hiyo huonekana kinakua, kumbe kila mkataba mpya unaongeza pengo. Ripoti hiyo iliandikwa baada ya kuanguka kwa F.E.G.S., shirika la New York lililoanzishwa mwaka 1934 na lililokuwa miongoni mwa makubwa ya aina yake. Shirika hilo lilipata hasara ya dola milioni 19.4, na mwezi Machi 2015 likaomba mahakamani ulinzi wa kufilisika.

4. Kisa cha Hull House

Mwaka 1889 wanawake wawili, Jane Addams na Ellen Gates Starr, walifungua nyumba ya huduma katika mtaa wa wahamiaji maskini mjini Chicago. Iliitwa Hull House. Ilikuwa na shule ya watoto wadogo, mahali pa kuoga, madarasa ya jioni na mambo mengine mengi. Sifa zake zilienea duniani, na mwaka 1931 Jane Addams alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Katika historia ya nyumba hiyo kuna jambo ambalo wanaushirika hawana budi kulijua. Wasichana wa kiwanda cha viatu waliokuwa katika mgomo walikutana hapo. Ilionekana kwamba waliokuwa wa kwanza kulegea ni wale waliopanga vyumba na kuogopa kufukuzwa kwa kukosa kodi. Ndipo likazuka wazo la kuwa na bweni lao wenyewe, ili wategemeane wakati wa shida. Mwezi Mei 1891 bweni hilo la ushirika lilianza, likaitwa Jane Club. Hull House iliwapatia samani na kodi ya mwezi wa kwanza tu. Baada ya hapo kila mwanachama alilipa dola 3 kwa juma, na kutokana na michango hiyo walilipia pango, chakula, moto na taa. Wanachama waliongezeka haraka, na bweni likajiendesha lenyewe.

Hull House yenyewe ilichukua njia nyingine. Baada ya Addams kufariki mwaka 1935, na hasa katika nusu ya pili ya karne ya 20, michango ya watu binafsi ilipungua kadiri mikataba ya serikali ilivyoongezeka. Katika miaka yake ya mwisho sehemu kubwa sana ya mapato yake ilitokana na mikataba hiyo, hasa ya malezi ya watoto waliotengwa na wazazi wao. Hali ya uchumi ilipokuwa mbaya baada ya mwaka 2008, wenye shida waliongezeka, michango ikapungua zaidi, na malipo ya serikali hayakuweza kufidia gharama. Akiba ya kuvuka kipindi hicho haikuwapo. Tarehe 27 Januari 2012 Hull House ilifungwa ghafla, wafanyakazi wapatao 300 wakapoteza kazi, na wale waliokuwa wakihudumiwa wakahamishiwa kwingine. Ilikuwa imeishi miaka 122.

Si haki kusema kwamba waliokuwa wakiiongoza walikosea kupokea fedha za serikali. Mtoto asiye na wazazi hawezi kutozwa ada, wala majirani zake maskini hawawezi kubeba mzigo huo peke yao. Ni wajibu wa umma kulipia kazi hiyo. Kosa ni kuuacha uhai wa chama utegemee mkono mmoja. Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hiyo haikatazi kupokea cha ndugu; yaonya juu ya kukitegemea.

5. Funzo kwa vyama vya ushirika

Nchini Tanzania utaratibu ni tofauti, lakini funzo ni lilelile. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hiyo ni mikopo, wala si ruzuku. Hurejeshwa ili wengine nao wakopeshwe. Mwaka 2023 utoaji wake ulisimamishwa ili utaratibu urekebishwe, kisha ukarudishwa mwaka 2024. Kikundi kilichokuwa kimepanga msimu wake wote juu ya mkopo huo kilikwama, lakini kikundi kilichokuwa na akiba yake kiliendelea na kazi polepole.

Kwa hiyo, kabla ya kuomba fedha yoyote ya nje, katibu anapaswa kuiandalia bodi majibu ya mambo yafuatayo:

(a) Fedha hizo ni ruzuku au mkopo, na masharti yake yote ni yapi? Mkataba usomwe wote mbele ya bodi, katika lugha inayoeleweka, kabla ya saini.

(b) Zitalipwa kabla ya kazi au baada ya kazi? Kama ni baada, chama kitatumia fedha gani wakati wa kungoja, na kwa miezi mingapi?

(c) Gharama halisi ya kazi ni kiasi gani, pamoja na ukaguzi, stakabadhi, usafiri na muda wa watumishi? Pengo litazibwa na nani?

(d) Je, vitabu viko tayari? Fedha za ruzuku ziwe na kurasa zake katika daftari la fedha taslimu, na kila malipo yawe na hati. Fedha zilizokusudiwa kazi moja zisiazimwe kwa kazi nyingine, hata kwa siku moja.

(e) Je, kuna mjumbe au ndugu yake atakayenufaika kwa zabuni au ajira? Jambo hilo litajwe wazi na liandikwe katika muhtasari.

(f) Fedha zikikoma mwakani, chama kitabaki na nini? Jibu likiwa ni madeni na watumishi wasiolipika, ombi lirudishwe likafikiriwe upya.

Mambo haya yakisha kujibiwa, yapelekwe kwenye mkutano mkuu. Wanachama ndio watakaodaiwa mambo yakiharibika, kwa hiyo wana haki ya kujua mapema. Hisa na akiba za wanachama, hata zikiwa ndogo, zina sifa moja ambayo ruzuku haina: haziwezi kufutwa kwa uamuzi wa mtu aliye mbali. Msaada mwema ni kama ile kodi ya mwezi wa kwanza ya Jane Club. Ulifungua mlango, na wenye nyumba wakaendelea kuulinda.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi vya masomo

1. Katika mfano wa sehemu ya 3, chama kingehitaji fedha zake kiasi gani iwapo malipo yangechelewa kwa miezi 3 badala ya 2?

2. Ni sehemu gani ya mapato ya chama chenu ya mwaka uliopita ilitoka kwa wanachama wenyewe? Tumieni hesabu zilizokaguliwa.

3. Chukueni fedha yoyote ya nje ambayo chama kiliwahi kupokea. Ilipokwisha, kazi iliendelea au ilikoma? Elezeni sababu.