SOMO: Saini ya Kidijitali Inapobatilika Njiani

Somo hili linamhusu mtumiaji anayepokea barua pepe za kikundi, kama vile za chama cha ushirika, wazazi wa shule au wanataaluma. Katika utaratibu huo, mwanachama hutuma barua moja kwa anwani ya kikundi, na seva ya kikundi huisambaza kwa wote.

Tuchukue mfano. Mhazini wa chama anatangaza namba mpya ya akaunti ya michango. Barua ameitia saini ya kidijitali, lakini wanachama wanaipokea ikiwa na onyo kwamba saini ni batili. Je, ni utapeli, au ni hitilafu tu? Walipe au wasilipe?

Saini hufanyaje kazi?

Saini ya kidijitali si picha ya mwandiko. Programu ya mtumaji hukokotoa muhtasari wa maudhui ya barua, kisha huutia saini kwa ufunguo wa siri. Programu ya mpokeaji hukokotoa muhtasari upya na kuuhakiki kwa ufunguo wa umma wa mtumaji. Mihtasari ikilingana, tunajua kwamba barua imetoka kwa mwenye ufunguo na haikubadilishwa. Ikibadilika herufi moja tu, saini hubatilika.

Sababu ya kwanza: usimbaji

Kanuni za kusafirisha barua pepe zilizotolewa mwaka 1982 zililenga alama 128 tu, zilizotosha kwa Kiingereza. Mwaka 1992 kilitolewa kiwango cha MIME, kinachowezesha alama nyingine zote kusafiri zikiwa zimegeuzwa kuwa alama za msingi.

Hata Kiswahili huguswa na jambo hili. Ritifaa iliyopinda katika neno “ng’ombe” haimo katika alama zile 128. Katika mfumo wa UTF-8 huwa baiti tatu, na njiani huweza kuandikwa =E2=80=99. Programu isiyotambua mfumo huo humwonyesha msomaji “ngâ€™ombe”. Kuonekana vibaya huko peke yake hakubatilishi saini. Kinachoibatilisha ni seva ya katikati kuisimba barua upya baada ya kutiwa saini: maneno yanabaki yaleyale machoni petu, lakini baiti zilizotiwa saini si zilezile tena.

Sababu ya pili: nyongeza za kikundi

Seva nyingi za vikundi huongeza jina la kikundi kwenye kichwa cha barua, huweka maelezo ya kujiondoa mwishoni, au huondoa viambatisho. Mabadiliko hayo hubatilisha pia saini ya DKIM, ambayo huwekwa na seva ya mtumaji bila yeye kuiona.

Mwezi Aprili 2014, kampuni ya Yahoo ilizitaka seva nyingine zikatae barua zenye anwani zake zisizothibitika. Barua za wateja wake waliokuwa katika vikundi zilianza kukataliwa sehemu nyingi. Tangu hapo vikundi vingi huandika anwani ya kikundi mahali pa anwani ya mtumaji na kuweka saini ya seva yao. Mtumiaji azingatie hili: saini hiyo inathibitisha kwamba barua imepita katika kikundi, haithibitishi nani aliyeiandika.

Mtumiaji afanye nini?

1. Asiizoee alama ya onyo. Saini batili si ushahidi wa utapeli, lakini pia si saini. Barua hiyo ihesabiwe kuwa haikutiwa saini kabisa.

2. Barua ikigusa fedha, namba ya akaunti au nywila, athibitishe kwanza kwa simu, kwa namba aliyokuwa nayo tangu awali, si ile iliyoandikwa katika barua hiyo.

3. Amwombe mtumaji ampelekee barua moja kwa moja, au faili la PDF lililotiwa saini ndani yake. Saini ya namna hiyo imo ndani ya faili, hivyo haiathiriwi na maneno yanayoongezwa kwenye barua.

4. Amwombe msimamizi wa kikundi aache kuongeza maneno kwenye barua za wanachama.

Kwa mtumaji: atumie programu inayoisimba barua kwa alama za msingi kabla ya kuitia saini. Kiwango cha mwaka 2001 cha saini za OpenPGP kinalitaka jambo hilo.

Tukirudi kwa mhazini wetu, jibu ni kwamba wanachama wasilipe kwanza. Simu moja kwa mhazini itamaliza shaka; fedha zikishaingia katika akaunti ya tapeli, kuzirudisha ni kazi ngumu.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini barua isiyobadilika machoni inaweza kuwa na saini batili?
2. Saini ya seva ya kikundi inathibitisha nini, na haithibitishi nini?
3. Je, unayo namba ya simu ya mhazini wako nje ya barua pepe?