Mfuko wa "nailoni" si nailoni: somo la polima jikoni



Jumamosi iliyopita, wakati wa mapumziko, mwanafunzi mmoja aliniuliza swali zuri. Bibi yake amekuja kuwatembelea hapa Unionville. Kila akipika wali hutandaza mfuko wa nailoni juu ya sufuria kabla ya kuweka mfuniko, ili mvuke usitoke. Mtoto ameona mfuko ukilegea na kunywea. "Mwalimu, ule mfuko unaingia kwenye wali?" Nilimwahidi nitamjibu humu, maana wengi wetu tumekuzwa kwa wali wa namna hiyo.

Polima ni nini?

Chukua shanga moja. Hiyo tuiite monoma. Tunga shanga elfu moja kwenye uzi mmoja, hiyo ndiyo polima. Neno lenyewe limetoka katika Kigiriki: "poli" ni nyingi, "meros" ni sehemu. Molekuli ndogo hushikana mikono, moja baada ya nyingine, mpaka zikawa mnyororo mrefu sana.

Si polima zote zinatoka kiwandani. Unga wa ugali una wanga, na wanga ni mnyororo wa glukosi. Jani la mgomba na kamba ya katani zina selulosi, nayo pia ni mnyororo wa glukosi. Shanga ni zile zile, ila zimeungwa kwa namna tofauti. Ndiyo maana tumbo letu huweza kuvunja ugali lakini haliwezi kuvunja kamba ya katani. Shikeni jambo hili moja: tabia ya polima hutokana na shanga zake na jinsi zilivyoungwa.

Nailoni ya jina na nailoni ya kweli

Tanzania tunasema mfuko wa nailoni au rambo, Kenya wanasema juala au karatasi, Uganda kaveera. Mifuko hiyo si ya nailoni. Ni ya polithini, polima iliyogunduliwa Uingereza mwaka 1933. Nailoni ni polima nyingine, iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Marekani. Hiyo ndiyo ya nyavu na mishipi ya wavuvi, na ya nywele za mswaki wako.

Tofauti yake ni kubwa. Minyororo ya nailoni huvutana kwa nguvu, kwa hiyo haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 200. Polithini laini ina minyororo yenye matawi. Fikiria mzigo wa kuni zenye matawi: hazilaliani vizuri, zinaacha nafasi. Kwa hiyo mfuko ni mwepesi na unakunjika, lakini huyeyuka kwenye nyuzi joto 110 hivi, na huanza kulegea kabla ya hapo. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, na ukingo wa sufuria iliyo jikoni unaweza kupita hapo.

Polithini ngumu, ile ya madumu, minyororo yake imenyooka kama fito. Hupangika vizuri zaidi, kwa hiyo dumu ni gumu kuliko mfuko.

Jibu la swali

Mnyororo wenyewe wa polithini hauyeyuki ndani ya maji. Lakini mfuko wa dukani si polithini tupu. Una rangi na viungo vingine vya kiwandani, na haukutengenezwa kwa ajili ya chakula cha moto. Joto na mafuta husaidia vitu hivyo kuhamia kwenye chakula. Kwa hiyo tusiufunikie wali.

Nami kama muuguzi naongeza: plastiki iliyoyeyuka ikigusa ngozi hung'ang'ania na kuendelea kuunguza. Usiibandue. Weka mahali palipoungua chini ya maji ya bomba yenye ubaridi kwa dakika 20, kisha nenda hospitali.

Soma namba

Geuza chombo cha plastiki, mara nyingi utaona namba ndani ya pembetatu:

1. PET: chupa za maji na soda.
2. Polithini ngumu: madumu, chupa za shampuu.
3. PVC: mabomba, na mifuko mingi ya dripu hospitalini.
4. Polithini laini: mifuko laini ya kubebea na kufungia vitu.
5. Polipropilini: vyombo vingi vya chakula. Sirinji nyingi ni za polima hii, na hata noti za Kanada tangu mwaka 2011.
6. Polistirini: vikombe vyeupe vyepesi vya kahawa.
7. Nyingine zote, nailoni ikiwemo.

Namba inakuambia aina ya polima. Haikupi ruhusa ya kuipasha moto. Chakula cha maikrowevu kihamishie kwenye bakuli la kioo au la udongo.

Jaribio la nyumbani

Mwombe mzazi akukatie kipande cha chupa ya maji. Tia kipande hicho na kifuniko cha chupa kwenye beseni la maji, uvizamishe vyote kwa kidole mpaka mapovu ya hewa yatoke, kisha uviachie. Kipande cha chupa kitazama, kifuniko kitaelea. Chupa ni PET, nzito kuliko maji. Kifuniko kwa kawaida ni polipropilini au polithini ngumu, ambazo ni nyepesi kuliko maji. Chupa moja, polima mbili!

Kwa mnaosafiri likizo

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara tangu 1 Juni 2019. Viatu na nguo zifungeni kwenye kanga kuukuu.

Tumwambieje bibi?

Mkubwa hakosolewi mbele ya watu, na bibi hana kosa. Mfuko ulikuja na jina la nailoni, naye akautumia kama kila mtu. Jaribuni hivi: "Shikamoo bibi. Naomba nikuletee jani la mgomba tufunikie wali. Mwalimu ametufundisha kwamba mfuko huu hauwezi moto." Majani yaliyogandishwa hupatikana katika maduka ya Waasia hapa Markham. Yakikosekana, sinia zito linatosha.

Kazi ya wiki: muulize bibi, babu au mzazi, walifunikia nini wali kabla ya mifuko kuja? Andika sentensi tano kwa Kiswahili, tutazisoma Jumamosi.