MADARAJA YA MITAMBO YA KUONDOA CHUMVI KATIKA MAJI NA UPIMAJI WA UFANISI WAKE

Somo kwa Watumishi wa Serikali na Wananchi

Visima vingi vya pwani ya visiwa vyetu vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe. Maji ya bahari huupenya mwamba huo kwa wepesi, hasa pale maji yanapovutwa kwa wingi kuliko yanavyorudishwa na mvua. Ndiyo sababu mitambo ya kuondoa chumvi kwa njia ya osmosisi ya kinyume inahitajika. Hata hivyo, yeyote anayenunua au kupokea mtambo kwa fedha za umma inampasa afahamu kwamba mitambo hiyo si ya daraja moja, wala haipimwi kwa kipimo kimoja.

Namna unavyofanya kazi

Maji husukumwa kwa shinikizo kwenye utando mwembamba mno, unaopitisha maji na kuzuia sehemu kubwa ya chumvi. Hutoka mikondo miwili: maji yaliyosafika, na mabaki yenye chumvi kali. Kadiri chumvi inavyozidi, ndivyo shinikizo linavyopasa kuongezwa. Kwa maji ya bahari, shinikizo lisilozidi takriban bari 27 halitoi maji safi hata tone.

Madaraja

(a) Mitambo ya nyumbani, ifungwayo kwenye bomba. Kiwango cha Marekani kiitwacho NSF/ANSI 58 huijaribu kwa maji yenye miligramu 750 za chumvi kwa lita, kwa shinikizo la bari 3.4, na hutaka chumvi ipungue kwa asilimia 75 au zaidi. Mtambo wenye tangi hujaribiwa pamoja na tangi lake, kwani tangi linapojaa husukuma nyuma na kudhoofisha kazi ya utando.

(b) Mitambo ya maji ya chumvichumvi, kama ya visima. Kwa kawaida watengenezaji hupima tando zake kwa miligramu 2,000 kwa lita na bari 15.5.

(c) Mitambo ya maji ya bahari. Tando zake hupimwa kwa miligramu 32,000 kwa lita na bari 55.

Madaraja yote matatu hupimwa katika joto la nyuzi 25 za Sentigredi.

Kwa nini daraja litajwe

Tuseme vyeti viwili vimeandikwa "asilimia 99". Mtambo wa daraja (b) utabakiza miligramu 20 kwa lita, ilhali wa daraja (c) utabakiza miligramu 320. Asilimia ni moja, maji ni mbalimbali. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa maji yenye chini ya miligramu 600 za madini yaliyoyeyuka kwa lita hunyweka vyema, na yakipindukia 1,000 ladha yake huchusha. Aidha, mtambo wa nyumbani ukifungwa kwenye kisima kilichoingiliwa mno na bahari hautatoa kitu, na fedha zitakuwa zimepotea huku wananchi wakirejea kwenye ndoo.

Mambo ya kuzingatia

1. Maji ya kisima yapimwe maabara kabla ya kuagiza mtambo, na yapimwe pia wakati wa kiangazi.

2. Cheti kitaje kiasi cha chumvi, shinikizo, joto, na sehemu ya maji iliyopatikana kuwa safi. Asilimia pekee haitoshi.

3. Joto likipanda kwa nyuzi moja, maji yanayotoka huongezeka kwa takriban asilimia 3, na chumvi inayopenya huongezeka pia. Hivyo matokeo yarekebishwe kufikia nyuzi 25 kabla ya kulinganishwa na cheti.

4. Mitambo ya daraja (a) hupimwa kwa ajili ya maji yaliyo salama kwa vijidudu. Maji yasiyo salama hayana budi kutiwa dawa.

Anayetia saini hati ya kupokea mtambo hushuhudia kwamba watu watakunywa maji yake. Asitie saini kabla hajajua daraja.