Neno Moja la Kiingereza: Vamoose

Katika lugha ya Kiingereza liko neno "vamoose", na maana yake ni kuondoka mbio. Asili yake ni Kihispania. Wahispania husema "vamos", yaani twende. Katika karne ya 19 Wamarekani waliokaa jirani na watu wa Meksiko walilisikia neno hilo, wakalitwaa, wakaligeuza matamshi na maana. Basi neno la kumwalika mwenzio mfuatane njia moja likawa neno la kumfukuza.

Likisimulia jambo lililopita, huongezwa d mwishoni: "The boys vamoosed", yaani wavulana walitimua mbio. Likisemwa peke yake ni amri: "Vamoose!" ndiyo "Toka upesi!" Ni neno la mzaha baina ya rafiki. Halifai katika barua kwa mkubwa, wala mbele ya mgeni.

Sikilizeni habari ya kijana mmoja, karani wa stesheni. Alilipata neno hili katika kitabu cha hadithi, akalipenda kwa mlio wake. Siku moja alimwona mzee aliyetoka nchi nyingine, asiyejua Kiswahili, ameketi juu ya sanduku lake, wala hana habari ya kuwa gari la moshi li karibu kuondoka. Kijana akamwonea huruma, akamkimbilia, akapaza sauti: "Vamoose!"

Mzee akasimama, akamwuliza kwa Kiingereza, "Mwanangu, nimekukosea nini hata unifukuze?" Kijana akashikwa na haya, akaanza kujieleza. Wangali katika maneno hayo, filimbi ikalia, gari likaenda zake. Kumbe mzee alikuwa akienda kumzika ndugu yake. Alingoja gari la siku ya pili, lakini maziko hayakumngoja.

Maneno "Please hurry, sir" yangalitosha. Moyo wa kijana ulikuwa mwema, ila ulimi wake ulichukua neno usilolijua vema. Katika Kiswahili pia, "Toka!" na "Fanya hima, babu" humwondosha mtu upesi, walakini la kwanza humwumiza, la pili humsaidia. Wahenga walisema: Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Maswali
1. Neno "vamos" lina maana gani, nalo liligeukaje?
2. Kwa nini mzee alikasirika, hali kijana alitaka kumsaidia?
3. Taja maneno matatu ya Kiswahili ya kumharakisha mtu. Lipi laweza kuambiwa mzee, na lipi mwenzio tu?